Madaraja ya Vita vya Katanga

Hapa Lubumbashi, mazungumzo kuhusu vita vya mwaka 1960 hadi 1963 huanza na tarehe 11 Julai 1960, siku ambayo Moïse Tshombe, kiongozi wa mkoa wetu wa Katanga, alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo, na karibu kila mara huishia kwenye ubishi mmoja: je, Tshombe alikuwa shujaa au msaliti? Nimezaliwa na kukulia katika mji huu, nimeusikiliza ubishi huo tangu utotoni, na kadiri ninavyozidi kusoma habari za vita vile ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali hilo linatupotezea muda. Halituelezi kwa nini serikali ambayo hakuna nchi hata moja iliyoitambua iliweza kudumu miaka miwili na nusu, wala kwa nini iliporomoka kwa muda usiofika mwezi mmoja. Kwa maoni yangu, jibu linapatikana njiani: kwenye madaraja, kwenye reli, kwenye barabara ya uwanja wa ndege wa Luano, na angani juu ya njia hizo. Aliyeweza kupita ndiye aliyeshinda, na aliyezuiwa alishindwa hata kama alikuwa na watu wengi na azimio la Baraza la Usalama mkononi.

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku tano baadaye askari wa Force Publique, jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni, waliasi dhidi ya maafisa wao Wabelgiji, na uasi huo ukafika mjini kwetu, wakati huo Élisabethville, usiku wa tarehe 9. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia kesho yake, na siku iliyofuata Tshombe akatangaza kujitenga. Nyuma yake ilisimama Union Minière, kampuni iliyochimba takriban tani 300,000 za shaba mwaka ule, na ambayo ilianza kulipa kodi zake kwa serikali ya Katanga badala ya kuzipeleka Léopoldville, makao makuu ya Kongo ambayo sasa ni Kinshasa. Fedha hizo zilinunua bunduki, zikawalipa maafisa wa Kibelgiji waliounda jeshi la jandarma wa Katanga, na baadaye zikawalipa mamluki kutoka Ulaya, Rhodesia na Afrika Kusini. Bendera mpya ilichorwa misalaba mitatu ya shaba, ile ambayo mababu zetu waliitumia kama fedha.

Jambo ambalo tunalisahau mno ni kwamba Katanga yenyewe haikuwa kitu kimoja. Katika uchaguzi wa mkoa wa mwezi wa Mei 1960, chama cha Tshombe, Conakat, kilipata viti 25 kati ya 60, na muungano ulioongozwa na Balubakat ya Jason Sendwe, chama cha Baluba wa kaskazini, ulipata 23. Kwa hiyo, kabla ya ONU, yaani Umoja wa Mataifa, kufyatua risasi yoyote katika mji huu, vita vilikwisha kuanza kaskazini, kati ya Wakatanga na Wakatanga. Kuanzia Manono hadi karibu na Albertville, ambayo sasa ni Kalemie, vijana wa Balubakat walichimba mahandaki barabarani, wakaangusha miti na kubomoa madaraja ili jandarma wasipite, na jandarma pamoja na mamluki waliopita wakachoma vijiji. Wakati mtu anaposema mbele yangu kwamba Katanga nzima ilikuwa nyuma ya Tshombe, mimi huwafikiria watu wa vijiji vile, na ninahuzunika kwamba hakuna anayewataja.

Daraja la kwanza katika habari hii liko kule. Tarehe 8 Novemba 1960, doria ya askari kumi na mmoja wa Ireland, waliokuwa chini ya ONU, ilitoka Niemba kwenda kuangalia daraja lililobomolewa kwenye mto Luweyeye. Wapiganaji Baluba waliwavamia pale pale kwa mishale na mapanga, na tisa kati yao wakafa. Inaelekea watu wale waliwachukua askari weupe wa Ireland kuwa ni mamluki wa Tshombe. ONU ilikuwa imekuja kwa amri ya kutotumia nguvu isipokuwa kujilinda, na pale Luweyeye ilionekana wazi kwamba katika nchi iliyokatwa barabara zake, askari asiyejulikana ni wa nani ni adui wa kila mtu.

Januari 1961 Balubakat waliingia Manono na kutangaza mkoa wao wenyewe, mkoa wa Lualaba. Jandarma waliirudisha Manono mwishoni mwa Machi, lakini walipotaka kuendelea na kuishika Kabalo, njiapanda ya reli na mto, walikutana na Waethiopia wa ONU, ambao waliwakamata mamluki karibu thelathini mwezi wa Aprili. Mapigano ya Kabalo hayatajwi sana, wala hayakuwa makubwa. Hata hivyo ninayaona kuwa ya maana, kwa sababu tangu hapo Tshombe hakuweza kuikamata kaskazini yote, na ilimbidi aache sehemu kubwa ya jeshi lake kule huku ONU ikijikusanya mlangoni pake.

Kati ya matukio hayo kuna lile lililobadilisha kila kitu. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo aliyekuwa ameondolewa madarakani, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa kwa ndege hadi uwanja wa Luano, wakateswa, na usiku ule ule wakapigwa risasi porini nje ya mji wetu na askari wa Katanga, maafisa Wabelgiji wakiwapo. Habari ilitangazwa tarehe 13 Februari. Siku nane baadaye Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 161, lililoiruhusu ONU kutumia nguvu, kama njia ya mwisho, ili kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe, na lililodai mamluki waondolewe. Tshombe na wenzake walidhani wamemwondoa adui, kumbe walikuwa wamewafungulia mlango wanajeshi ambao hadi siku ile walikuwa wamefungwa mikono. Sijui kosa kubwa kuliko hilo katika vita vyote hivyo, na silisemi kwa hesabu ya kisiasa tu. Ulikuwa uovu, uliofanywa katika ardhi yetu, na sisi watu wa Lubumbashi tunapaswa kuusema kwa jina lake.

Mwaka huo huo, alfajiri ya tarehe 28 Agosti, ONU iliwashtukiza maafisa wa kigeni wa jandarma na kuwakamata wengi wao, bila vita. Operesheni hiyo iliitwa Rumpunch. Makonsuli wa Ulaya waliahidi kuwaondoa wenyewe waliobaki, ONU ikawaamini na kusimama kabla kazi haijaisha, na wengi wa wale waliobaki wakajificha au wakarudi kwa mlango wa nyuma. Basi, tarehe 13 Septemba, saa kumi za alfajiri, ONU ilijaribu tena kwa operesheni ya pili, Morthor, na safari hii jandarma walikuwa macho. Walipigana kwenye jengo la posta na kwenye redio, katikati ya mji, mahali ambapo leo imesimama sanamu ya Tshombe na watu wanapigwa picha. Asubuhi ile mwakilishi wa ONU, Conor Cruise O'Brien, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kujitenga kwa Katanga kumekwisha. Hakukuwa kumekwisha hata kidogo. Tshombe alikuwa ametoroka, na Katanga ilikuwa na silaha moja ambayo hakuna aliyeitilia maanani.

Silaha hiyo ilikuwa ndege moja ya jeti aina ya Fouga Magister, iliyoruka kutoka Kolwezi. Moja tu ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi. Lakini ONU haikuwa na ndege yoyote ya kivita katika Kongo nzima, na kwa hiyo ndege ile moja ilizishambulia ndege za ONU zilizoegeshwa, ikazitisha zile zilizotaka kupeleka askari na risasi, na kuwafanya wanajeshi wa mataifa kadhaa wakae chini ya miti mchana kutwa.

Kule Jadotville, yaani Likasi, kombania ya askari wa Ireland zaidi ya 150, chini ya Pat Quinlan, ilikuwa imezingirwa tangu asubuhi ya tarehe 13. Walikuwa wamepelekwa kuwalinda Wazungu wa mji ule, ambao wengi wao hawakuwataka. Walichimba mahandaki, wakapigana siku nyingi dhidi ya kikosi kilichowazidi kwa wingi, huku Fouga ikiwarushia mabomu, na hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Mara mbili msafara wa kuwaokoa ulitoka Élisabethville, na mara mbili ulikwama mahali pamoja: kwenye daraja la mto Lufira. Jandarma walikuwa wamejipanga ng'ambo, na Fouga iliwapiga waliosimama barabarani. Wakati wa kurudi, msafara wa pili uliviziwa na askari kadhaa wa Kihindi wakauawa. Helikopta moja ilifaulu kufika Jadotville na maji, lakini maji yenyewe yalikuwa yametiwa katika madumu yaliyonuka petroli na hayakunyweka. Tarehe 17 Septemba Quinlan alisalimisha silaha.

Watu wa nje wanapolisikia jina la Jadotville huwakumbuka Waairishi wale, na ni haki yao kukumbukwa. Mimi ninaomba tu tulikumbuke na daraja. Vita vya Septemba havikushindwa ndani ya mahandaki ya Quinlan, vilishindwa Lufira, ambako jeshi lenye idhini ya dunia nzima lilishindwa kuvuka mto mmoja.

Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18, Katibu Mkuu wa ONU, Dag Hammarskjöld, alikuwa akisafiri kwenda Ndola, ng'ambo ya mpaka, katika Zambia ya leo, ili akutane na Tshombe na kuomba mapigano yasimame. Ndege yake ilianguka karibu na Ndola, na watu wote 16 waliokuwamo wakapoteza maisha. Kwa kuwa waliihofia Fouga, walisafiri usiku na kwa njia ya kuzunguka. Sababu ya kuanguka kwake inachunguzwa mpaka sasa. Siku chache baadaye mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa saini, na Katanga ikasherehekea kama iliyoshinda.

Ilichoshinda kwa kweli ilikuwa raundi moja. U Thant wa Burma alishika nafasi ya Hammarskjöld mwezi wa Novemba, Baraza la Usalama likapitisha azimio kali zaidi tarehe 24 ya mwezi huo, na muhimu zaidi kuliko maneno yote, ONU ilipata ndege: jeti za Sweden, Canberra za India, Sabre za Ethiopia. Jandarma walipoweka bariere kwenye barabara ya Luano mwanzoni mwa Desemba ili kuitenga ONU mjini na uwanja wake wa ndege, jibu lilikuja tarehe 5. Kapteni Gurbachan Singh Salaria aliongoza kikosi kidogo cha Gurkha, askari wa Kinepali wa jeshi la India, dhidi ya watu waliowazidi mara nyingi, akaifungua njia, akafa. India ilimpa nishani yake ya juu kabisa. Siku zile zile Canberra ziliushambulia uwanja wa Kolwezi, na Katanga ikapoteza anga iliyokuwa imeitawala miezi mitatu tu kabla.

Mapigano ya Desemba 1961 ndiyo ambayo wazee wa mitaa yetu ya Kamalondo na Kenya huyasimulia kwa urefu zaidi. Wanasimulia jinsi familia zilivyolala chini ya vitanda, jinsi mama zao walivyopika usiku ili moshi usionekane, na jinsi mtu alivyoweza kwenda kutafuta unga asirudi. Makombora ya pande zote mbili yaliangukia nyumba za raia na hospitali. Na pembeni mwa mji kulikuwa na kambi ambayo kila mtu aliiogopa kuizungumzia, kambi ya wakimbizi Baluba waliokimbilia ulinzi wa ONU kwa sababu ya kuwindwa na polisi na jandarma. Kufikia Septemba walikwisha kuwa 35,000, wanaishi kwa njaa na maradhi ndani ya mji uliojiita makao makuu ya nchi yenye utulivu na mafanikio. Mji wetu ulikuwa tayari umegawanyika, hata bila ONU.

Mlango wa kuingilia katikati ya mji, kwa aliyetoka upande wa kambi za ONU, ulikuwa njia inayopita chini ya reli, ile tunayoiita Tunnel hadi leo na tunayopita kila siku bila kufikiri. Jandarma walikuwa wameishikilia kwa bunduki za rashasha, mabehewa yakiwa juu yake. Tarehe 16 Desemba, katika mvua ya alfajiri, Waairishi waliishambulia na kuichukua. Mmoja wa maafisa wao pamoja na askari wake wa redio waliuawa pale. Waswidi waliikamata kambi ya Massart, na siku mbili tatu baadaye bunduki zilinyamaza. Tarehe 21 Desemba, huko Kitona, kambi ya jeshi magharibi mwa Kongo, Tshombe alitia saini kwamba anautambua umoja wa Kongo.

Alipofika nyumbani alisema kwamba hana mamlaka ya kukubali bila bunge lake, na mwaka 1962 wote ulipotea katika mazungumzo, tume na mpango wa U Thant wa mwezi wa Agosti. Sina mengi ya kusema juu ya mwaka huo. Kila upande ulikuwa ukijitayarisha: Katanga ikitafuta ndege nyingine na mamluki wengine, na ONU ikingoja kosa.

Kosa lilikuja siku ya mkesha wa Krismasi, jandarma walipoifyatulia risasi helikopta ya ONU karibu na mji wetu na kuiangusha. Ufyatuaji uliendelea siku zilizofuata. Tarehe 28 Desemba Tshombe alipelekwa ajionee mwenyewe, akaahidi utakoma, na haukukoma. Alasiri ile operesheni ya tatu, Grandslam, ilianza chini ya Jenerali Prem Chand. Wahindi, Waethiopia na Waairishi waliziondoa bariere zote kuuzunguka mji. Tarehe 29 jeti za Sweden ziliziteketeza ndege za Katanga zikiwa zimeegeshwa Kolwezi. Tarehe 30 Kipushi ilikuwa mikononi mwa ONU, na Kamina vilevile. Ulinganifu na Septemba 1961 ni wa kustaajabisha: watu walikuwa wale wale, barabara zile zile, lakini sasa hapakuwa na jeti yoyote ya kuwaogopesha waliokuwa njiani.

Na njia ya kwenda Jadotville ilipita palepale. Brigedi ya India, chini ya Reginald Noronha, ilifika Lufira na kukuta madaraja mawili, la barabara na la reli, yote yamebomolewa na jandarma. Makao makuu ya New York hayakutaka waendelee kwanza. Yalitaka kutoa nafasi kwa mazungumzo. Noronha hakungoja. Askari wake walivuka kwa miguu juu ya mabaki ya daraja la reli, walivusha magari na silaha nzito kwa chelezo, walijibu risasi za ng'ambo, na tarehe 3 Januari 1963 waliingia Jadotville, ambako watu walitoka majumbani kuwashangilia. Huko New York ilikuwa fedheha: U Thant alimtuma msaidizi wake Ralph Bunche aje achunguze kwa nini jeshi lake lilikwenda mbele bila yeye kujua, na maelezo yaliyotolewa rasmi yalikuwa kwamba mawasiliano yalikatika.

Katika mapigano yote niliyoyataja, hili ndilo ninaloliona kuwa la mwisho kwa maana halisi. Baada ya Lufira hapakuwa tena na kizuizi cha maana kati ya ONU na Kolwezi, ila hofu moja tu. Tshombe alikuwa amekimbilia kule, na mamluki walikuwa wametega baruti kwenye mabwawa ya umeme ya Delcommune, yaani Nzilo, na Le Marinel. Kama wangeyalipua, migodi yote ya shaba ingezimika, na Union Minière iliyoulisha utawala ule ingeharibiwa na walinzi wake wenyewe. Hapo ndipo wenye kampuni na serikali ya Ubelgiji walipochoka kabisa na Tshombe. Tarehe 14 Januari alitangaza kwamba kujitenga kumekwisha, akaomba msamaha kwa ajili ya watu wake, na tarehe 21 askari wa ONU waliingia Kolwezi bila kupigana. Mabwawa yalikuwa mazima. Siku mbili baadaye waziri Joseph Iléo alikuja kukaa Élisabethville kwa niaba ya serikali kuu.

Maelfu ya jandarma hawakusalimisha silaha. Waliifuata reli kuelekea magharibi, pamoja na mamluki kama Jean Schramme na Bob Denard, wakavuka Dilolo na kuingia Angola iliyokuwa bado chini ya Ureno. Tshombe alirudi kuwa waziri mkuu wa Kongo yote mwezi wa Julai 1964, mara tu ONU ilipoondoka, akawaita baadhi yao wapigane na waasi walioitwa Wasimba. Wengine walirudi tena Angola baada ya Mobutu kushika madaraka. Tarehe 8 Machi 1977 watu hao, pamoja na watoto wao waliokuwa wamekuwa wakubwa, walivuka mpaka tena na kuingia Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati ule, wakiifuata reli ile ile, na mwezi wa Mei 1978 wakaingia Kolwezi.